Peni ya kwenye funguo: ipi inaandika, ipi inaning'inia tu

"Mwanangu, nisaidie peni." Karatasi ya mahudhurio ikianza kutembea ukumbini, maneno hayo yanaifuata safu kwa safu. Kwenye kozi yetu moja ya lazima ya ualimu tuko zaidi ya mia tatu, na kwa kukadiria kwa macho nusu yetu huja na simu, chaja, pawabenki na chupa ya maji. Peni hakuna. Si uzembe sana. Nondo siku hizi zinakuja kwa PDF, madesa yanapigwa picha, na mtu anaweza kumaliza wiki bila kuandika hata mstari mmoja kwa mkono. Lakini jina na sahihi bado vinadai wino. Kitabu cha wageni getini kinadai wino, fomu ya hosteli inadai wino, na kule kwenye dirisha la malipo peni ipo, imefungwa kamba kama mbuzi, na haiandiki.

Kuna kitu kimoja ambacho mwanafunzi hakisahau chumbani: funguo. Ukizisahau utalala koridoni. Kwa hiyo anayewaza kuning'iniza peni ndogo kwenye pete ya funguo anawaza vizuri. Shida ni kwamba nyingi ya peni hizo zimetengenezwa zining'inie kwanza, kuandika kukafikiriwa baadaye. Kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikizinunua, nikiziazima, nikizipima kwa rula, na mwisho nikachongesha ya kwangu. Ninachotaka kueleza hapa ni kwa nini peni ndogo ni kitu kigumu kutengeneza, na ukiikuta sokoni uiangalie wapi kabla hujaitolea hela ya bumu.

Mkono una kipimo chake

Chukua peni ya kawaida, ishike kama unavyoandika, kisha angalia inagusa wapi. Vidole vitatu vinaibana karibu na ncha, halafu mwili wa peni unalala kwenye ile kona iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kona hiyo ndiyo inayobeba peni. Vidole vinaelekeza tu. Sasa tia alama pale peni inapogusa kona, upime kutoka kwenye ncha. Kwangu mimi ni sentimita 9.5. Nilipima watu wanane bwenini kwetu (wengine walidhani ni utafiti wa mradi wa mwisho, sikuwakatalia). Mwenye kipimo kifupi alikuwa na 8.8, mwenye kirefu 10.6.

Namba hiyo inaeleza karibu kila kitu. Bic Cristal, ile peni ya pembe sita ambayo imekuwa sokoni tangu 1950, ina kama sentimita 15, kwa hiyo inavuka kona na kubaki na mkia wa kutosha. Peni ya sentimita 7 haifiki konani kabisa. Inaelea hewani, na vidole vitatu vinafanya kazi mbili kwa mpigo, kubeba na kuelekeza. Kwa sahihi moja hutajali. Kwa ukurasa mzima, ule msuli ulio chini ya kidole gumba utaanza kuwaka moto. Unene nao una neno lake. Wajapani wa Ohto wanatengeneza peni iitwayo Minimo yenye unene wa milimita 3.7 tu, nyembamba kiasi cha kukaa kwenye mgongo wa shajara bila kuonekana. Ni kazi ya ustadi, lakini kadiri peni inavyokuwa nyembamba ndivyo vidole vinavyolazimika kubana zaidi ili isizunguke. Cristal ina kama milimita 8, na sidhani kama ni bahati nasibu.

Upande wa pili kuna mfuko. Kitu chochote kwenye funguo kinachozidi sentimita 8 au 9 kitakuchoma paja ukikaa kwenye siti ya daladala, na kitapenya kitambaa kabla muhula haujaisha. Mkono unataka zaidi ya 9.5, mfuko unataka chini ya 8. Peni yoyote ya funguo, iwe ya shilingi elfu moja au ya dola thelathini, ni jaribio la kusuluhisha ugomvi huo.

Wameshajaribu njia mbili kubwa. Moja ni mfuniko unaohamia nyuma: ukiufunga peni ni fupi, ukiuvua na kuuchomeka mkiani peni inarefuka. Nyingine ni mwili unaovutika kama antena ya redio ya mkulima. Zipo pia zisizojaribu kitu, zinabaki fupi hivyo hivyo, na ndizo nyingi kuliko zote pale Kariakoo.

Wino unatosha kuliko unavyodhani

Watu wengi nikiwaonyesha peni ndogo huuliza kwanza, "Hiyo si itaisha kesho?" Swali zuri, na hesabu yake ni ya kidato cha pili.

Wino uko ndani ya mrija, na mrija ni silinda. Nilichukua mrija wa Cristal mpya nikaupima kwa kalipa ya maabara: safu ya wino kama milimita 110, kipenyo cha ndani kama milimita 2. Ujazo unatoka milimita za ujazo 345 hivi. Kisha nikachukua mrija mfupi wa aina inayoitwa D1. Huu ni mrija wa chuma wenye urefu wa milimita 67 na unene wa milimita 2.35, unaotumika kwenye peni nyingi ndogo na zile za rangi nyingi, na makampuni mengi tofauti yanautengeneza kwa kipimo kimoja. Ndani yake safu ya wino ilikuwa kama milimita 40 na kipenyo kama 1.5. Ujazo: 71. Ni karibu moja ya tano. Angalia kwamba kipenyo kimepungua kwa robo tu, lakini kwa kuwa nusu kipenyo kinazidishwa mara mbili, hasara inakuwa kubwa. Hapo ndipo nilipotamani ningekuwa na mfano huu wakati nafundisha ujazo wa silinda kwenye mazoezi ya kufundisha, badala ya lile kopo la rangi lililo kwenye kitabu.

Sasa, Bic wenyewe husema Cristal moja huandika kilomita mbili na zaidi. Tuchukue mbili. Moja ya tano yake ni mita 400. Mita 400 ni kurasa ngapi? Niliandika mstari mmoja wa daftari kwa mwandiko wangu wa kawaida, nikaufuata kwa uzi wa kushonea herufi kwa herufi, nikaunyoosha uzi: sentimita 55. Ukurasa wa mistari 28 ni mita 15.4. Kwa hiyo mrija mdogo kabisa unakupa kama kurasa 26. Ukiwa wa kuandika jina, namba ya usajili na sahihi tu, tuseme sentimita 40 kila mara, una mara elfu moja. Kwa mahudhurio peke yake unaweza kuhitimu nao.

Ninatilia mkazo jambo hili kwa sababu linahamisha tatizo. Wino hauishi. Kinachoisha ni mkono.

Hilo mwenzetu mmoja alilipima kwenye mwili wake. Tesiti ya pili, maswali matano, na peni yake ikakata katikati ya swali la tatu. Msimamizi alikuwa wa wale wasiotaka kuona kitu kikipita kutoka dawati hadi dawati, hata rula. Kwenye funguo zake kulikuwa na peni ya antena ya sentimita 10 ikiwa imevutwa. Aliandika nayo kurasa nne zilizobaki. Karatasi ziliporudishwa tuliziangalia wote. Kurasa mbili za kwanza za wino mpya ni mwandiko wake, ule tunaoujua. Ya tatu herufi zimekuwa kubwa na zimelala. Ya nne ungedhani ameandikiwa na mdogo wake. Alama alipata, na nzuri tu, lakini aliniambia swali la tano alilifupisha si kwa kukosa jibu bali kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Peni ile fupi ya sentimita 7 isingemfikisha hata hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza peni ya funguo ni ya nini, nitakujibu ni ya mistari mitatu kila siku na ya kurasa nne siku ya balaa. Ni kwa kigezo hicho nimezipima.

Inapong'ang'ania

Hapa ndipo penye utamu wote wa jambo hili, na ndipo watengenezaji wengi wanapochemka.

Rundo la funguo la mwanafunzi lina funguo tatu au nne, kufuli dogo, flashi, pengine na kifungulia chupa ambacho kila mtu anadai si chake. Langu nililipima dukani kwenye mzani wa karanga: gramu 64. Cristal nzima haifiki gramu 6. Ukijaribu kuandika huku funguo zimening'inia mkiani mwa peni, ni sawa na kuandika huku mtu anakuvuta mkono. Kwa hiyo peni lazima itoke kwenye funguo kila unapoitumia. Lakini ikitoka kirahisi itaanguka njiani. Ikitoka kwa shida hutaitumia.

Suluhisho la kawaida ni kuufunga mfuniko kwenye pete, kisha mwili unachomoka. Ni rahisi, na linaua njia ya kwanza ya kurefusha niliyoitaja. Mfuniko ukibaki kwenye funguo, huwezi kuuchomeka mkiani, labda uutundike na funguo zake zote. Unabaki na kipande kifupi mkononi. Ndiyo sababu peni za namna hii zinaandika vibaya hata zikiwa na mrija mzuri: ziliuza urefu wao ili kupata pete.

Kisha kuna swali la nini kinachoushika mwili ndani ya mfuniko. Plastiki kubana plastiki hufanya kazi wiki za mwanzo, halafu hulegea. Ya kwanza niliyonunua, ya shilingi elfu moja, ilidumu wiki tatu. Nilifika Mwenge na mfuniko unaning'inia peke yake, mwili ulibaki mahali fulani kati ya Ubungo na hapo. Hesi ni imara zaidi, lakini unazungusha mara tatu au nne kila unapofungua, huku karatasi ya mahudhurio inasubiriwa na watu mia moja nyuma yako. Na hesi bila kitu cha kuikaza hulegea yenyewe kwa mtikisiko wa kutembea. Sumaku ni tamu kwa sauti yake ya "tak", lakini inakusanya chenga za chuma, inajibandika kwenye funguo, na siipendi karibu na kadi ya benki yenye ule mstari mweusi. Njia ninayoipenda ni pete ndogo ya mpira, kama zile za fundi bomba, iliyokaa kwenye mfereji uliochongwa kuzunguka mwili. Mpira unajibana kwenye ukuta wa mfuniko, unashika bila kuzungusha, na unazuia vumbi la mfukoni lisifike kwenye ncha. Ukichakaa unabadilisha mpira tu, peni inabaki.

Peni zilizopita mikononi

Zile fupi za plastiki nimeshazisema. Ubaya wake mwingine ni mrija: ni wa kipimo chake peke yake, ukiisha peni imeisha. Zinagawiwa bure kwenye makongamano zikiwa na nembo ya mdhamini, na kama ya bure ichukue. Usiinunue.

Peni za antena, zile za vipande vitatu vya chuma vinavyoingiana, ni hatua kubwa mbele. Ikifungwa inakaa kwenye ganzi la sentimita 7 au 8, ikivutwa inakaribia 10. Ukiiandikia polepole inatosha. Udhaifu wake ni viungo. Kila kiungo kina uwazi wa unywele, na uwazi wa viungo viwili ukijumlishwa unausikia kwenye ncha kama mtikisiko. Mchanga ukiingia inaanza kukwaruza. Wanaokaa Kigamboni watanielewa. Halafu karibu zote hutumia mrija mfupi kuliko D1, na kuupata huku ni kazi.

Zebra ya Japani wana peni ndogo iitwayo SL-F1 ambayo dada yangu anayo. Ukiivuta inarefuka na ncha inajitokeza yenyewe kwa tendo moja, ukiisukuma inarudi. Ni kipande kimoja cha ujanja wa springi na mrija, na inatumia mrija wao wa 4C, ambao kwa umbo ni D1 huyo huyo. Hilo ndilo jambo la kuangalia kuliko yote. Siku duka lako likikosa mrija wa kampuni moja, wa nyingine unaingia.

Ya mwisho ni ya mhadhiri mmoja aliyekubali kuniazima kwa wiki moja, kwa masharti kama ya maktaba. Ni Fisher Bullet. Paul Fisher wa Marekani aliibuni mwaka 1948, na umbo halijabadilika sana tangu hapo: kama risasi, laini, sentimita 9.5 ikiwa imefungwa, na mfuniko ukiuhamishia mkiani inafika kama 13.5. Ukiishika hutajua kama ni peni ndogo. Mkono unapata urefu wake wote, mfuko unapata nusu. Makumbusho ya MoMA kule New York yanayo moja kwenye mkusanyiko wake, na baada ya wiki ile sishangai.

Ndani yake kuna mrija wa aina nyingine kabisa. Kwenye peni ya gololi ya kawaida, wazo aliloliandikishia hati miliki László Bíró mwaka 1938, wino mzito unashuka kwa uzito wake hadi kwenye gololi ndogo, gololi inabingirika juu ya karatasi na kubeba wino. Ukiigeuza ncha juu, wino unaachana na gololi na hewa inaingia. Jaribu kusaini karatasi uliyoibandika ukutani: mstari wa kwanza unatoka, wa pili unafifia. Na sisi tunasaini ukutani kila siku, kama si ukutani basi mgongoni kwa mwenzako. Miaka ya 1960 Fisher alitengeneza mrija uliozibwa, wenye gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa nyuma ya wino mzito unaofanana na jeli ya nywele. Gesi inausukuma wino hata ncha ikitazama angani. Peni zake zilikwenda na chombo cha Apollo 7 mwezi Oktoba 1968. (Na ile hadithi ya kwenye magrupu, kwamba Marekani ilitumia mamilioni kubuni peni ya angani wakati Warusi walitumia penseli: Wamarekani nao walianza na penseli, Fisher alitumia fedha zake mwenyewe, na Wasovieti walikuja kununua peni hizo hizo mwaka 1969. Tuache kuifowadi.)

Bullet ya kawaida haina pete ya funguo. Na hata ingekuwa nayo, bei yake ni ya kitu ambacho hutaki kukiona kikitoka kwenye funguo pale Mwenge. Lakini iliniachia swali moja ambalo sikuweza kuliacha: je, mfuniko unaweza kukaa kwenye funguo na bado ukahamia mkiani?

Ya Gerezani

Jibu nililipata shingoni. Kamba ya kitambulisho cha kila mwanafunzi ina kile kikulabu kidogo cha chuma chenye ulimi wa springi. Kikulabu hicho kinakaa kwenye pete ya funguo, na mfuniko wa peni unachongwa tundu la kuingia ulimi wake. Ukitaka kuandika, unabonyeza ulimi na peni nzima inatoka na mfuniko wake, funguo zinabaki mfukoni au mezani. Unavua mfuniko, unauchomeka mkiani, unaandika. Ni matendo matatu badala ya moja. Nimejipima kwa saa ya simu, ni sekunde tano. Mwenzako aliyebaki anauliza safu nzima nani ana peni anatumia zaidi.

Vipimo vyangu vilitokana na mrija, si kinyume chake. D1 ni milimita 67, kwa hiyo mwili ni 65 na ncha inatokeza 3 hivi, nyuma ukibaki mpira mdogo wa kuuzuia mrija usirudi. Mfuniko ni 45. Ukifungwa, unafunika milimita 30 za mwili, na peni nzima inakuwa 80. Ukihamia mkiani unashika milimita 12 tu, na peni inakuwa 101 kutoka ncha hadi mwisho. Kona yangu ni 95. Imepita kwa milimita sita, na sikuomba zaidi.

Pale Gerezani mafundi wa kerezo wapo wa kutosha, na fundi niliyempata alicheka kwanza, kisha akachukua mchoro. Tulibishana kuhusu madini. Yeye alitaka brasi kwa sababu inachongeka kama siagi na inang'aa. Nilimpigia hesabu: fimbo ya unene wa milimita 8 na urefu wa 65, ukitoa tundu la katikati, kwa brasi ni karibu gramu 25, kwa alumini ni 8. Gramu 25 mkononi wengine wanaipenda, inajisikia kitu cha thamani. Mimi nilikuwa nafikiria kurasa nne za siku ya balaa, na jasho la Dar linaloifanya brasi kuwa nyeusi na kuacha harufu ya sarafu vidoleni. Tukaenda na alumini. Kazi na malighafi ilikuwa shilingi elfu kumi na tano, mbali na mrija. Ghali kuliko peni hamsini za dukani zikipotea kwa awamu? Hapana, nimepiga hesabu.

Tulitoboa mfereji mmoja wa mpira mbele na mmoja nyuma. Jaribio lilikuwa kulishika rundo la funguo kwa kidole kimoja na kulizungusha kama mlinzi anayezugazuga zamu ya usiku. Kwa mpira mmoja mwili ulichomoka kwenye mzunguko wa ishirini na kitu na kugonga kabati. Fundi akaongeza mfereji wa pili milimita nne nyuma ya ule wa mbele. Nilizungusha mara mia mbili, ukakaa. Tangu hapo imetembea na mimi miezi sita, ikiwemo wiki zote za mazoezi ya kufundisha, ambako niliweka mrija mwekundu na kusahihishia madaftari nikiwa nimesimama kati ya madawati. Madaftari arobaini na tano kwa mkupuo yanawezekana. Zaidi ya hapo chukua peni ndefu, usijitese.

Hailingani na Bullet. Haiandiki ncha ikiwa juu, kwa sababu D1 wa kawaida anafuata mvutano wa dunia kama sisi sote. Pia ukiwa na mkono mkubwa, wa 10.6 kama yule jirani yangu, milimita 101 hazikutoshi. Kwako mfuniko ufanye 55, na ukubali kubeba milimita kumi zaidi mfukoni.

Ukienda kwa fundi, mpelekee mrija wenyewe mkononi, usimpelekee namba kwenye karatasi. Atoboe kwa biti ya drili ya 2.5 na ajaribu kuingiza mrija kabla hajafanya kitu kingine. Tundu likiwa pana ncha itagonga pembeni kila ukianza herufi, na hilo hakuna mpira wa kulitibu. Mrija uchague wa wino wa mafuta. Jeli inaandika laini lakini inakauka nchani na inavuja kwenye joto la kibegi. Kama D1 huoni, nunua peni ya rangi nne, toa mrija mmoja wa plastiki, ukate kwa wembe upande wa nyuma, juu ya pale wino unapoishia, na utoboe tundu kwa unene wa huo. Pete za mpira zangu za kwanza zilidumu miezi minne. Fundi bomba alinipa sita kwa shilingi mia tano, na nne bado ninazo kwenye droo.